Balozi wa bidhaa, tarehe yako ya mwisho iko wapi?

Kampuni au duka la mjini likimwita mchezaji wa UDOM au wa St. John's "awe balozi wetu", yaani atangaze bidhaa zake, mara nyingi mezani kuna jozi ya viatu, fulana mbili na karatasi moja ya kusaini. Viatu havitamaliza mwaka. Karatasi itadumu, hasa ikisema picha zitatumika "wakati wowote na mahali popote". Kwa maoni yangu, mwanamichezo wa chuo hapa Dodoma apunguze kugombania fedha, akomae na mambo mawili: tarehe ya mwisho ya kutumia picha zake, na nafasi ya kufanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini.

Miezi sita inatosha kwa mtu ambaye bado hajavuma. Zaidi ya mwaka asikubali. Akimaliza chuo na kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu, klabu ina wadhamini wake, na bango lake la zamani linaweza kumgombanisha nao kabla hajagusa mpira. Upekee nao, yaani ahadi ya kutotangaza bidhaa za wengine, utajwe kwa bidhaa. Ukisaini kwamba hutatangaza "vinywaji vingine", umejifungia soda, juisi na maziwa kwa malipo ya muuza maji mmoja. Iandikwe "maji ya chupa", basi.

Jezi yenye nembo ya chuo si yako kuitangazia biashara. Vaa fulana isiyo na nembo, au omba kibali cha maandishi kwanza.

Kuna tangazo ambalo ningelikataa hata kwa milioni tano: makopo ya unga wa kujenga misuli. Kanuni za dunia za kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni zinamwajibisha mwanamichezo kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe amekusudia au la. Kopo likiwa na kitu ambacho hakikuandikwa kwenye lebo, muuzaji ataendelea kuuza na wewe utafungiwa.

Kwenye malipo, piga hesabu kamili. Tuseme umeahidiwa laki tatu kwa matangazo sita kwenye ukurasa wako na siku mbili za kupiga picha. Ondoa bando, bodaboda za kutoka Chimwaga na vipindi utakavyokosa, uone kinachobaki. Nusu ilipwe kabla ya kamera kuwashwa. Namba ya mlipakodi hutolewa bure TRA, na kampuni ikikata kodi ya zuio, dai cheti chake. Wengi hawakidai, kisha wanashindwa kuonyesha kwamba kodi ilishalipwa.

Wasifu unaoipelekea kampuni uwe ukurasa mmoja: matokeo yenye tarehe na mahali, kozi na mwaka wa masomo, namba ya simu inayopokelewa. Video isizidi sekunde 90, na tukio zuri kuliko yote litangulie, kwa sababu meneja masoko hatafika mwisho. Wafuasi wa kununua waache. Ukurasa wenye wafuasi elfu kumi na "like" kumi na tano unajianika wenyewe.

Sasa fildi, ambayo wachezaji wengi hawaiombi kabisa. Alphonce Simbu wa Singida, bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, ni askari wa JWTZ. Nyuma ya mbio zake kuna ajira. Goti la mchezaji wa chuo likiumia, nyuma yake kuna nini? Anayesoma uhasibu aiambie kampuni inayomtaka: punguzeni fedha, mnipe wiki nane kwenye idara yenu ya fedha, na hilo liandikwe ndani ya mkataba huohuo. Ahadi ya mdomo ya meneja masoko haimfungi ofisa utumishi, ambaye pengine hata hajaisikia. Barua ya chuo ifike miezi miwili kabla, na itaje idara, la sivyo utapangiwa kubeba mabango ya promosheni. Daftari la fildi lisainiwe na msimamizi kila Ijumaa. Ukingoja wiki ya mwisho utaambiwa yuko likizo.