Tulia, Usitikisike!

Jamani, mimi niliandikishwa ubaharia. Hakuna mahali palipoandikwa "mbeba vioo vya picha", vile vioo ambavyo picha ilipigwa juu yake. Lakini tangu tulipong'oa nanga Portsmouth, Uingereza, Mei 1875, na Kapteni Nares wetu, kuelekea Ncha ya Kaskazini, sanduku la vioo likawa langu, na likigusa tu kizingiti, meli nzima ya Alert inasikia jina langu.

Mpiga picha mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo. Akaongezewa kamera, maana serikali haipendi kuona mshahara mmoja umelala na kazi moja. Nilimhurumia, ila si sana. Hebu fikiria: unampeleka mtu wa picha mahali ambapo jua linaaga Oktoba na kurudi Machi! Siku 142 kamera ililala sandukuni, imefunikwa vizuri kuliko mimi.

Jua likarudi, baridi ikagoma kuondoka. Machi ile tulipita nyuzi 50 chini ya sifuri, zebaki yenyewe ikaganda ndani ya kipimajoto. Nikaonywa nisishike chuma kwa mkono mtupu. Nikashika. Ngozi ya kidole nikaiacha pale pale. Nikaonywa nisipumue mbele ya lenzi, pumzi inaganda kwenye kioo. Nikageuka nipumulie pembeni, kumbe pembeni kasimama mpishi, na chakula changu cha jioni kikapungua.

Na hicho kioo cha dawa mbichi kina adabu zake: ukimwagie dawa, ukizamishe kwenye maji ya fedha, ukipige picha kabla hakijakauka. Huko hakikauki, kinaganda. Halafu hayo maji ya fedha! Fedha sikuiona, niliona vidole vyeusi tu, kama mtu aliyefumaniwa na chupa ya wino.

Aprili 1876, sledi za wenzetu, yale magari ya kuburuta juu ya barafu, zinaondoka kuelekea Ncha ya Kaskazini. Wote tukapangwa juu ya barafu. "Tulia, usitikisike! Anayetikisika anatoka ukungu!" Ewe bwana, mtu atulie wapi? Meno yangu yalikuwa yanapiga ngoma bila ruhusa yangu. Maafisa wametulia kama sanamu. Miguuni pangu kaketi mbwa, naye katulia, tena katazama kamera kama aliyeilipia.

Wale wa sledi walifika mbali kuliko mtu yeyote kabla yao, zaidi ya nyuzi 83 za latitudo ya kaskazini, ila kiseyeye kiliwarudisha wengine wakiwa wamelazwa juu ya sledi zile zile. Hapo sina mzaha. Kapteni akaona yatosha, turudi nyumbani.

Basi nikampelekea mama nakala ya ile picha. Akaisogeza dirishani, akavaa miwani. Akamsifu mbwa. Akauliza, "Na wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha juu ya mbwa, pale penye kitu kama moshi.

Akauangalia ule moshi muda mrefu, akatikisa kichwa. "Mwanangu, umekonda."