Wote Wanapiga Picha Lwiro, Nani Anafika Musisi?

Karibu kila mtu wa Bukavu, huku kwetu mashariki mwa Kongo, aliyewahi kufika Lwiro ana picha ile ile: amesimama mbele ya jengo kubwa, paa la vigae nyuma yake, nguo za Jumapili mwilini. Hata mimi ninayo. Wanangu wanaliita kasri, na siwakosoi. Wabelgiji walipoanzisha taasisi yao ya utafiti, IRSAC, mwaka 1947, Lwiro walipajenga kama watu wasio na mpango wa kuondoka. Maktaba, korido ndefu, nyoka ndani ya chupa za dawa, ndege waliokaushwa.

Pazuri, sikatai. Watafiti wetu bado wanafanya kazi pale, na tangu 2002 kuna kituo kinacholea sokwe na nyani walionyang'anywa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Ila mimi safari hii sikutaka kasri. Nilitaka kinamasi cha Musisi.

Dereva wa pikipiki aliyenichukua mahali paitwapo Miti alicheka. "Kule iko matope tu, mama. Utaona nini?" Tukapanda barabara ya Tshivanga, mashamba ya chai pembeni, baridi ikipenya koti. Musisi iko ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, juu ya mita 2,000, na huingii bila mwongozaji. Wangu alikuwa kijana mpole, mtu wa maneno machache, panga begani.

Matope yalikuwepo, tena mengi. Mafunjo yamesimama bega kwa bega hadi chini ya msitu, ukungu umelala juu yake. Nilikanyaga pale mwongozaji alipokanyaga, mguu ukazama hadi kifundo, nikauvuta. Nikageuka kuangalia alama ya kiatu changu: ilijaa maji ya rangi ya chai kavu, kisha kingo zake zikaanza kujikunja taratibu, kama donda linalofunga. Nilisimama pale nikiangalia mpaka kijana akakohoa.

Halafu akainua kidole: sikiliza. Ndani ya mafunjo kitu kilikuwa kinapiga kelele kali, za haraka, kisha kimya. Ni ndege mdogo wa kahawia, usiyeweza kumtofautisha na jani kavu. Katika vitabu ana jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyezunguka huku kwetu mwanzoni mwa karne iliyopita akikusanya wanyama. Jina hilo hilo amepewa ngagi, yaani gorila, wetu wa nyanda za mashariki. Basi Grauer mmoja watu wanavuka bahari na kulipa mamia ya dola wamwone akitafuna mianzi. Grauer wa pili, anayeishi kwenye vinamasi vya milima ya ukanda huu na penginepo hakuna, hata dereva wa Miti hajui kama yupo.

Kinachoniudhi ni hiki. Hapa kwetu kinamasi, au "mare" kama tunavyosema kwa Kifaransa kilichokatwa mkia, ni ardhi inayosubiri kukaushwa. Ukipita mabonde ya Kabare utaona mifereji, viazi vitamu, tanuri za matofali. Simlaumu mama anayelima bondeni wakati wa kiangazi. Kule juu ya kilima udongo umeshakwisha na watoto wanataka kula. Lakini kinamasi ni sifongo: ukiikamua yote, mvua ikija haina pa kukaa, inateremka na barabara. Watu wa Bukavu hatuhitaji profesa wa kutueleza mvua inayoteremka inafanya nini.

Na matope yale yana kumbukumbu. Wanasayansi wameyachimba Musisi, tabaka chini ya tabaka, wakasoma chavua iliyozikwa humo ili wajue msitu ulikuwaje maelfu ya miaka iliyopita. Kasri la Lwiro halijafika hata miaka mia.

Ningependa pawe na njia fupi ya mbao pembeni ya Musisi, na siku moja kwa mwezi ya bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulipia darasa lake. Waongozaji wawe Batwa, wenyeji wa msitu huu. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa baadaye, wao ndio waliotolewa humo, na sidhani kuna anayemjua ndege yule kwa sauti kuliko wazee wao.

Nilirudi nyumbani na viatu vilivyokataa kukauka siku nne. Mwanangu mdogo akachukua simu, akapekua picha. Mafunjo, ukungu, mafunjo.

"Mama, kasri iko wapi?"

Nikamwambia akuze ile ya tatu, pembe ya kushoto. Akakuza, akakuza tena.

"Ni jani."

"Angalia vizuri."

"Jani lina jicho," akasema.