Ini lenye mafuta halihitaji kusafishwa

Siku hizi unaweza kwenda kupiga utrasaundi ya tumbo ukitafuta vijiwe vya nyongo, karatasi ikarudi na mstari wa ziada: ini lina mafuta. Daktari atakwambia upunguze uzito, uache soda, urudi baada ya miezi kadhaa. Mgonjwa anatoka pale akihisi hajatibiwa. Hata kidonge kimoja hajaandikiwa! Kabla hajafika stendi ameshampigia mtu simu, na huyo mtu anamjua muuza dawa za majani za kusafisha ini.

Nawaelewa. Ila viungo vya jikoni sina ugomvi navyo. Unga wa kwenye kopo ndio siutaki karibu na ini la mtu wangu.

Shangazi yangu alinionyesha la kwake. Kopo jeupe la plastiki, lebo imeandikwa: husafisha ini na figo, huondoa gesi, hupunguza kitambi, huongeza nguvu za kiume. "Shangazi, na hili la mwisho?" Akacheka. "Hayo mengine siyahesabu, mwanangu." Ambacho hakikuandikwa ni majani gani yamo, kiasi gani, na yalianikwa wapi. Unga usiokauka vizuri huota kuvu, na sumukuvu ni adui wa ini asiye na shaka. Watu wa Dodoma na Manyara hawajasahau mahindi yenye sumukuvu yaliyoua watu 2016.

Halafu mafuta yale si uchafu ulioganda ukingoja kusuguliwa. Ni akiba. Sukari na wanga vikizidi matumizi, ini huvigeuza mafuta na kuyaweka ndani ya seli zake. Matumizi yakizidi, akiba inaliwa. Mtu wa kilo 90 akipungua kilo 5 hivi, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifikisha 7 hadi 9, hata kuvimba kwa ini mara nyingi hutulia. Sijaona jani ambalo majaribio yake yanasogelea hapo.

Na majaribio yapo, tusidanganyane. Silimarini, inayotokana na mmea wa miiba wa pande za Mediterania, imechunguzwa sana. Malaysia waliwapa wagonjwa kwa wiki 48, wengine dawa yenyewe, wengine kidonge kinachofanana nayo ila hakina dawa, jumla watu 99. Matokeo yakatoka 2017. Kwenye kipimo kikuu hakukuwa na tofauti ya kutegemewa, ingawa upande wa makovu ya ini kulionekana matumaini kidogo. Mlonge na habasoda bado viko nyuma ya hapo: panya wengi, watu wachache.

Manjano ndiyo yananikera zaidi, maana kila mtu anayaona salama. Kwenye mchuzi, sawa, weka. Lakini manjano ya mchuzi mwili hufyonza kidogo sana, kwa hiyo watengeneza vidonge huyakoleza, na wengine huongeza pilipili manga makusudi ili yapenye. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliripoti wagonjwa 10 walioumia ini kwa manjano ya namna hiyo, mmoja akafariki. Ni wachache, ndiyo, ukilinganisha na wanaoyameza. Lakini mwenye ini lililoanza kuelemewa anaingia bahati nasibu hiyo kwa faida gani?

Kama lazima unywe kitu, kunywa kahawa. Wanywaji wa kahawa, tafiti nyingi zinaonyesha, huwa na makovu machache ya ini. Chungu ya kijiweni inafaa kabisa. Kashata mwachie jirani.

Na daktari aliyekurudisha mikono mitupu hakukupuuza. Dawa ya kwanza kabisa iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu, resmetirom, ilipita Machi 2024 tu, tena ni kwa wenye makovu ya wastani hadi makubwa, na bado wanatakiwa kupangilia chakula na kufanya mazoezi.

Lawama yangu kwa madaktari iko kwingine. Wagonjwa wengi hawataji kopo lao kwa kuogopa kufokewa, na kufokewa kweli wanafokewa. Matokeo yake vimeng'enya vya ini vikipanda, daktari anahangaika kutafuta chanzo ambacho kiko kabatini kwa mgonjwa. Uliza kwa upole, daktari, na umwambie aje nalo.