Dolphin inastaafu, Jayhawk inabaki: hesabu ya spea

Aliyewahi kumiliki Peugeot 504 anajua kwamba gari haliuawi na umri. Linakufa siku ile fundi anapojifuta mikono na kusema, "Mzee, hii spea siku hizi haipatikani." Walinzi wa Pwani wa Marekani wamefikishwa hapo na helikopta yao ndogo ya uokoaji, MH-65 Dolphin. Uamuzi waliouchukua baadaye una watetezi na wapinzani, na kila upande una jambo la maana la kusema.

Dolphin ilianza kazi katikati ya miaka ya 1980. Asili yake ni Ufaransa, rangi yake nyekundu, na pangaboi lake la mkiani limefichwa ndani ya duara. Imefumuliwa na kusukwa upya mara kadhaa. Injini za mwanzo zilisumbua, zikaanza kubadilishwa mwaka 2004. Mwaka uliofuata kimbunga Katrina kiliifunika New Orleans kwa maji, na Dolphin zilikuwa miongoni mwa helikopta zilizosimama hewani juu ya mapaa, zikishusha kikapu kwa waya na kuwapandisha watu juu. Baadaye zikafungwa skrini za kisasa na mitambo mipya ya kuongozea safari. Mwisho ukaja mpango wa kubadilisha sehemu kuu za bodi, ili helikopta iliyokusudiwa kuruka saa 20,000 ifikishe 30,000. Lengo lilikuwa kuvuta muda hadi majeshi ya Marekani yapate helikopta za kizazi kipya, ndipo Walinzi wa Pwani nao wanunue.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila ilisahau kiwanda. Airbus, kampuni inayoiunda, ilishaacha kutengeneza jamii hiyo ya helikopta, na spea zikawa za kuwinda. Unaweza kuwa na bodi imara, rubani hodari na injini safi, lakini kifaa kimoja kisipopatikana helikopta inalala bandani. Ndiyo maana sasa Dolphin zote zinaondolewa taratibu, na nafasi yake inachukuliwa na MH-60T Jayhawk. Jayhawk zilikuwa chini ya 50. Lengo ni kufikisha 127.

Jayhawk nayo si ya jana. Imeanza kazi mwaka 1990, na ni ndugu wa Black Hawk ya jeshi, ambayo ni kongwe zaidi. Tofauti ni kwamba kiwanda cha Sikorsky bado kinafanya kazi na ndugu zake wanaruka katika nchi nyingi, kwa hiyo soko la spea lipo. Baadhi ya bodi zinanunuliwa mpya. Nyingine ni mtumba mtupu: SH-60F zilizostaafishwa na Jeshi la Majini, zikapelekwa kwenye karakana ya Elizabeth City, North Carolina, kuvuliwa kila kitu na kuundwa upya. Nadhani huu ndio utaalamu ambao taasisi nyingi duniani zingefaa kuuonea wivu. Kununua kipya kunahitaji hela tu, lakini karakana yenye mafundi wa kiwango hicho hujengwa kwa miongo.

Halafu kuna suala la umbali. Jayhawk inaweza kwenda maili 300 za baharini, yaani zaidi ya kilomita 550, ikasimama hewani dakika 45, ikapakia watu sita na kurudi nyumbani. Hizo dakika 45 si anasa. Usiku, mawimbi yakipanda na kushuka, mwogeleaji anashushwa, anamtafuta mtu mmoja mmoja, anampakia kwenye kikapu, winchi inapandisha, kikapu kinarudi chini. Dolphin haiwezi kufika mbali hivyo na kubakiza mafuta ya kusubiri.

Lakini ukubwa nao una gharama yake. Jayhawk ikishiba mafuta na mizigo inakaribia tani 10, wakati Dolphin haifikii nusu ya hapo. Upepo wa pangaboi zake ni mkali zaidi kwa aliye ndani ya boti ndogo au juu ya paa bovu. Inakula mafuta zaidi, na vituo vilivyozoea Dolphin vinalazimika kutengeneza upya mabanda. Tena, kutegemea aina moja kuna hatari yake. Mwaka 2016 helikopta ya H225 ilianguka Norwei na kuua watu 13, na helikopta za aina hiyo zikazuiwa kuruka Norwei na Uingereza kwa zaidi ya mwaka. Likitokea jambo kama hilo kwa H-60, yaani ukoo mzima wa Jayhawk na Black Hawk, Marekani itamwokoa mvuvi kwa helikopta gani?

Wanaosema "nunueni mpya tu" wana la kujifunza hukohuko Norwei. Mwaka 2001 nchi hiyo iliagiza helikopta 14 za muundo mpya wa Ulaya, NH90, kwa ajili ya meli za kivita na walinzi wa pwani, zote zikitarajiwa kufika kabla ya mwaka 2008 kwisha. Ilipofika 2022, nane tu ndizo zilizokuwa kamili, na kwa mwaka ziliruka saa kama 700 badala ya 3,900 zilizohitajika. Serikali ikavunja mkataba, ikadai irudishiwe krona karibu bilioni 5, na mwaka uliofuata ikaagiza MH-60R sita kutoka Marekani. Hiyo ni binamu yake Jayhawk, muundo wa zamani.

Kwa hiyo kuachana na Dolphin, kwangu, hakuna mjadala. Ninachokitilia shaka ni kingine, ambacho kimepitishwa kimyakimya pamoja na hicho: kuachana na helikopta ndogo kabisa. Hayo ni maamuzi mawili. Uingereza, ambako kazi hii inafanywa na kampuni ya Bristow tangu 2015, wamekuwa wakitumia helikopta kubwa ya S-92 pamoja na AW189 iliyo ndogo kuliko hiyo. Marekani hawajaonyesha wazi kwa nini wao wasichanganye. Mwaka 2024 wakaguzi wa Bunge lao walieleza kwamba Walinzi wa Pwani hawakuwa wamefanya tathmini kamili ya aina na idadi ya helikopta wanazohitaji. Mwaka mmoja baadaye Bunge likatenga dola bilioni 2.3 za kununua MH-60, yaani Jayhawk, zaidi ya 40. Fedha zimetangulia tathmini.

Meli mpya za doria zinajengwa zikiwa na nafasi ya Jayhawk. Za zamani bado ziko baharini, na zimezoea kubeba Dolphin.