Kitanda cha Nani?

Ugonjwa wa mlipuko ukipamba moto, viongozi huanza kuhesabu vitanda. Siwalaumu. Vitanda vya hospitali ya muda vinapendeza kwenye picha: safu kwa safu, mashuka meupe, ukumbi mzima umeenea. Mwaka 2020, wakati wa korona, picha hizo zilinituliza na mimi, mpaka nikaanza kujiuliza ni mgonjwa wa namna gani atakayelazwa pale.

Kule Wuhan, China, hospitali ya Huoshenshan ilianza kujengwa Januari 23, 2020, na baada ya siku kumi hivi vitanda 1,000 vilikuwa tayari. Dunia ilishika mdomo. Kwangu, hata hivyo, jambo kubwa zaidi lilifanyika pembeni yake, kwenye viwanja vya michezo na kumbi za maonyesho zilizogeuzwa kuwa hospitali 16 ambazo Wachina waliziita fangcang. Huko walipelekwa wenye dalili nyepesi tu: mtu anatembea mwenyewe, anakula mwenyewe, oksijeni kwenye damu yake imezidi asilimia 93. Wangebaki nyumbani, wangeambukiza familia nzima. Wangejazana hospitali kubwa, wangechukua nafasi za waliozidiwa. Watu 12,000 hivi walipita humo, wengine wakirekodiwa wanacheza dansi na wauguzi waliovaa mavazi ya kujikinga. Machi 10 ukumbi wa mwisho ukafungwa.

Sasa tazama London. Ukumbi wa ExCeL ulifunguliwa kama hospitali Aprili 3, 2020, lengo likiwa kufikia vitanda 4,000, na mgonjwa aliyekusudiwa ni mahututi aliye kwenye mashine ya kupumulia. Katika wimbi lile la kwanza ilitibu wagonjwa 54. Watu walicheka sana. Kwa sehemu walikosea, maana hospitali za kawaida zilijibana na kuongeza vyumba vya mahututi, na hilo ni jambo jema. Ila kosa lilikuwepo. Nchini humo mgonjwa wa mashine kwa kawaida anapewa muuguzi wake peke yake, tena mwenye ujuzi wa miaka. Huyo muuguzi haletwi na lori pamoja na magodoro. Anatolewa kwenye hospitali ileile iliyoelemewa, na ukimtoa, umepunguza kitanda kule ili uongeze kitanda huku.

Na tusiisahau oksijeni. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kutumia lita 10 kwa dakika. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800 za oksijeni haumtoshi kwa muda wa saa 12. Weka wagonjwa 100 wa aina hiyo ukumbini, utahitaji mitungi zaidi ya 200 kila siku, na watu wa kuibeba, kuifunga na kuichunga isilipuke. Kwa hiyo mtu akiniambia atajenga hospitali ya mahututi ndani ya hema kwa wiki mbili, nitamwomba kwanza anioneshe mabomba ya oksijeni.

Najua wapo watakaosema afadhali vitanda vibaki vitupu kuliko watu wafie getini. Ni kweli, na ushahidi upo. Septemba 2014 kituo cha Ebola cha Madaktari Wasio na Mipaka mjini Monrovia kilifikia kufungua geti dakika 30 tu kila asubuhi, kupokea watu wa kujaza vitanda vya waliofariki usiku. Wamarekani wakaja kujenga vituo 11 nchini Liberia. Vilipokamilika, maambukizi yalikuwa yameshashuka, na vyote kwa pamoja vilitibu wagonjwa 28 wa Ebola. Utupu huo ni wa kuchelewa, si wa kukosea mgonjwa, na dawa yake ni nyingine kabisa. Tatizo letu ni kwamba tukiona kitanda kitupu tunatoa hukumu moja tu.

Nikipewa mpango wa hospitali ya muda leo, ukurasa wa idadi ya vitanda nitauruka. Nitatafuta ukurasa wa rufaa. Mgonjwa aliyeingia akitembea amebadilika ghafla saa nane usiku, anahema, midomo imebadilika rangi. Nani ana mamlaka ya kumhamisha bila kuamsha mkubwa yeyote, gari liko wapi, na hospitali inayompokea imeshakubali kwa maandishi?