Wewe Unayetengeneza Vifaru

Jumapili yangu ya kwanza ya kupumzika baada ya wiki 3, na saa moja asubuhi Hajji jirani anagonga dirisha. Si mlango. Dirisha, lile la upande wa kitanda.

"Afande! Afande amka, mashine imekufa!"

Hapa Bombo, mji wa kambi ya jeshi Uganda, ukionekana na gwanda lenye grisi kwenye kola, umekwisha. Pasi ikikataa kupata moto, afande. Redio ikikoroma, afande. Juzi mama mmoja kaniletea cherehani, nikamwambia hii si yangu, akanishangaa: "Wewe unayetengeneza vifaru, hiki kitakushinda?"

Jamani, vifaru. Kifaru cha T-55 kina tani 36, injini ya dizeli ya silinda 12, nguvu za farasi 580. Nimesoma, nimefanya mtihani, nimefaulu. Lakini miaka 9 karakana, mimi na pikapu. Pikapu, gari la maji, lori la kuni, pikapu. Chujio la hewa likirudi kutoka Karamoja, ukiligonga chini linatoa vumbi la kutosha kupandia mihogo. Dereva naye anakuja: "Afande, gari inalia." Inaliaje? "Inafanya kwiii, halafu kho." Haya, andika kwenye fomu: kho.

Na mpwa wangu kamaliza S4, yaani kidato cha nne, jana usiku kanitumia ujumbe: "Anko, nataka kuwa fundi wa magari ya jeshi, nitegemee nini?" Tegemea mchakamchaka kabla hakujapambazuka, ndipo ukalale chini ya lori. Tegemea gadi ya usiku, maana wewe ni askari kwanza, spana baadaye. Tegemea kunawa kwa dizeli, kisha kwa Omo, na bado mke anasogeza kiti. Na Kiswahili akijue, jeshini ndicho chetu. Luganda lake la kwa bibi halitamsaidia afande akikasirika. Mengine nitamjibu nikipata bando.

Basi nikamfuata Hajji. Mashine yake ni ya kusaga unga wa posho, ugali wetu, ina injini ya Lister ambayo yeye mwenyewe hakumbuki aliirithi kwa nani. Nakuta akina mama kama 20 na mabeseni ya mahindi, na kila mmoja ana jibu lake. Mmoja anasema ni plagi. Dizeli haina plagi ya cheche, mama. Mwingine anasema imerogwa na yule wa kinu cha ng'ambo ya barabara. Hajji amesimama katikati na kanzu nyeupe pe, ananionyesha kwa bakora mahali pa kuanzia: kwenye pipa la maji ya kupozea.

"Hajji, dizeli iliisha?"

"Haikuisha. Ilipungua."

"Ilipungua mpaka wapi?"

"Mpaka ikazima."

Ndiyo hiyo. Malori yetu pia hufa kifo hikihiki. Tangi likikauka, hewa inaingia kwenye paipu, na hata ukijaza dizeli upya, hewa haitoki kwa hiari. Pampu inasukuma, hewa inajikunja tu, nozeli haipati nguvu ya kufunguka. Dawa yake ni kulegeza nati, upampu kwa mkono mapovu yaishe, dizeli ije safi, ukaze. Dakika 10, kama una spana namba 13.

Spana namba 13! Kwenye kisanduku chochote cha spana utakachofungua hapa Uganda, 12 ipo, 14 ipo, 13 imesafiri. Ndiyo maana yangu nimeinunua Kisenyi, kule Kampala, kwa pesa yangu na ninalala nayo. Nikalegeza nati. Mapovu yakaja kama uji unaochemka. Hajji akainama aone vizuri, nami mkono wangu uko kwenye pampu tayari. Sikukusudia. Lakini kanzu ile haitakuwa nyeupe tena.

Nikakaza. Vijana wawili wakashika mkono wa kuzungushia, wakazungusha, wakazungusha, jasho tiririri, na hapo injini inapotaka kushika, Hajji akaweka kiganja juu ya tangi: "Bismillahi!" Tu-tu-tu-tu-tu, moshi mweusi hadi barabarani. Akina mama vigelegele. Akawageukia: "Mnaona? Ilikuwa inataka dua tu."

Dua! Nina grisi mpaka kwenye sikio, mtu ananiambia dua!

Malipo yangu ni unga kilo 2. Tena aliupima. Kibao cha mzani kikashuka kidogo upande wangu, akachota kiganja akarudisha kwenye gunia.

Nikampa mke. Akanusa mfuko, akaninusa mimi, akanusa mfuko tena. "Ni unga au ni wewe?" Hatujaafikiana hadi sasa, ila posho imepikwa na watoto wamekula maharagwe peke yake.

Kisha napapasa mfuko wa ovaroli: 13 haipo. Nikamtuma mwanangu mbio kwa Hajji. Karudi mikono mitupu, anahema.

"Baba, Hajji anasema ile spana ni ya mashine."

Ya mashine vipi?

"Anasema ilikutwa kwenye mashine."

Navaa viatu sasa hivi. Nikipita nyumba ya tatu, yule mama wa cherehani yuko mlangoni, na cherehani.