Gemu Nyepesi Hazitaki Kompyuta ya Kilo Tatu

Mwezi uliopita nilifuatana na mpwa wangu hadi Kariakoo kutafuta kompyuta mpakato. Ameanza chuo mwaka huu, anatoka Kimara kila asubuhi kwa mwendokasi, na mfukoni alikuwa na shilingi laki nane tulizomchangia mimi na mama yake. Alitaka mashine ya kusomea ambayo jioni ingemwezesha kucheza gemu ya mpira ya PES 2017 na wenzake, na siku za mapumziko aingie kidogo kwenye GTA, gemu ya magari na uhalifu mitaani. Katika duka la kwanza muuzaji alimkabidhi mashine pana yenye kibodi inayowaka taa nyekundu na kadi ya grafiksi, yaani kifaa cha kuchora picha, ya GTX 1050, akasema kwamba kwa kijana anayependa gemu hakuna mjadala. Mpwa wangu aliishika kwa mikono miwili, akanitazama, nami nikaona kwamba moyo wake umekwisha kuamua.

Nilimwomba afanye jambo moja kabla ya kuzungumzia bei: aitie kwenye begi lake pamoja na chaja yake, alivae begi, asimame nalo kwa dakika kumi huku tukiendelea kutazama nyingine. Mashine za namna hiyo kwa kawaida huwa na uzito wa zaidi ya kilo mbili, na chaja yake ni tofali zima, kwa sababu kadi ya grafiksi inayojitegemea hula umeme mwingi. Kwa pamoja vilikaribia kilo tatu. Dakika kumi hazikuisha, akaliweka begi chini mwenyewe.

Msimamo wangu ni kwamba kwa mtu wa Dar es Salaam anayesafiri na kompyuta yake kila siku na kucheza gemu nyepesi, mashine ya ofisini iliyotumika, yenye prosesa nzuri (ubongo wa kompyuta) na RAM mbili (vipande viwili vya kumbukumbu ya kufanyia kazi), ni ununuzi bora kuliko mashine ya gemu iliyochoka. Sisemi kwamba kadi kama GTX 1050 haina nguvu. Inayo, tena inaziacha mbali grafiksi zilizomo ndani ya prosesa za kawaida, na anayecheza gemu nzito akiwa mezani kwake, ambaye kompyuta yake haitoki chumbani, ana haki ya kuichagua. Lakini nguvu hiyo hupatikana mashine ikiwa imechomekwa ukutani. Ukiichomoa, kadi hupunguza kasi kwa sababu betri haiwezi kuilisha, na betri iliyokwisha kutumika miaka sita au saba huisha kabla ya kipindi kimoja cha darasani. Umeme ukikatika jioni, kijana anabaki na tofali lenye taa zilizozimika.

Duka la pili lilikuwa na mtego wa aina nyingine. Safari hii mashine ilikuwa nyembamba, ya bei nafuu, na ilikuwa na stika ya i7, jina la prosesa za Intel za daraja la juu. "Mjomba, hii ni i7," mpwa wangu alininong'oneza, kana kwamba muuzaji angesikia na kupandisha bei. Tulifungua taarifa za mfumo na kukuta prosesa ni i7-4600U. Tarakimu ya kwanza, au mbili za kwanza, baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: hiyo ni ya kizazi cha 4, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Hiyo i7 ya kizazi cha 4 ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali hiyo i5-8350U ya kizazi cha 8 ina vinne, kwa hiyo anayenunua kwa kutazama stika peke yake analipia jina na kuacha kazi. Isitoshe, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Sioni sababu ya kumnunulia mwanafunzi leo mashine ambayo imekwisha kufungiwa mlango huo.

Katika kiwango cha fedha tulichokuwa nacho, mashine ninazoziamini ni zile zilizokuwa mali ya makampuni huko Uingereza, Marekani na kwingineko, zikauzwa mkataba ulipoisha na kuletwa huku: ThinkPad T480 ya mwaka 2018, EliteBook 840 G5, na upande wa AMD, mshindani wa Intel katika kutengeneza prosesa, ThinkPad T495 na EliteBook 745 G6 za mwaka 2019. Zote zina kioo cha inchi 14 na uzito unaozunguka kilo moja na nusu, na zimejengwa kwa watu wanaozibeba kila siku. T480 ina sifa ninayoipenda kwa namna ya pekee: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje, na hiyo ya nje unaweza kuibadilisha wakati kompyuta inaendelea kufanya kazi. Kwa gemu, hata hivyo, mimi naegemea upande wa AMD bila kusita. Prosesa ya Ryzen 5 PRO 3500U ina grafiksi za Vega 8, ambazo zinaipita waziwazi UHD 620 iliyomo katika Intel za kizazi cha 8. UHD 620 itakuchezesha PES 2017, GTA San Andreas na Minecraft bila manung'uniko, lakini GTA V itakwenda kwa kujikokota, wakati Vega 8 inaifanya ichezeke ukishusha ubora wa picha kwenye kioo hadi nukta 1280 kwa 720.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Grafiksi zilizomo ndani ya prosesa hazina kumbukumbu yao wenyewe. Zinaazima RAM ya kompyuta, na kasi yake inategemea upana wa njia inayoelekea kwenye hiyo RAM. RAM moja ya gigabaiti 8 inafungua njia moja. RAM mbili za gigabaiti 4 zinafungua njia mbili, na ingawa jumla ni ileile, gemu inakwenda vizuri zaidi kwa kiasi ambacho macho yanakiona. Intel wenyewe wanalikiri jambo hili kwa namna isiyofichika: prosesa ya i5-1135G7 huonyesha jina la grafiksi Iris Xe ikiwa na njia mbili, na ukiiachia RAM moja, kompyuta inaandika UHD tu. Kwa hiyo ukiambiwa "ina RAM ya nane", usiishie hapo. Uliza ni moja au mbili, kisha fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha hali ya kompyuta, sehemu ya kumbukumbu, ambako kompyuta yenyewe itakutajia nafasi ngapi zimetumika.

EliteBook 745 G6 tuliyoichukua ilikuwa na RAM moja ya 8 na nafasi moja tupu. Jioni ile mpwa wangu alicheza mechi, na kila kona ilipopigwa, wachezaji wakijazana golini, picha ilikuwa ikikwama kwa sekunde mbili tatu. Jumamosi tulirudi mjini, fundi akafungua skrubu za chini, akapachika RAM ya pili ya 8, akafunga. Kazi nzima haikuzidi robo saa. Mechi ileile, timu zilezile, na kona zikawa zinapigwa picha ikitiririka kama maji.

Kuhusu hifadhi nitasema machache: iwe SSD, hifadhi ya kasi isiyo na diski inayozunguka, na ikiwezekana iwe ya gigabaiti 512, kwa maana GTA V peke yake inadai zaidi ya gigabaiti 100, na kuipakua kwa bando ni gharama nyingine ya kuihesabia mapema. Kioo kiwe cha 1920 kwa 1080. Vile vya 1366 kwa 768 vinachosha macho katika kusoma kuliko katika kucheza.

Joto la mji wetu linastahili kupewa uzito zaidi ya hapo. Kati ya Desemba na Machi, chumba kisicho na kiyoyozi ni mzigo kwa feni ndogo ya kompyuta nyembamba, na prosesa inapokaribia nyuzi 100 hupunguza mwendo ili isiungue. Mtu analalamika kwamba kompyuta imechoka, kumbe njia ya hewa imejaa vumbi na dawa ya kupoozea iliyopakwa juu ya prosesa imekauka. Mashine iliyotumika miaka mitano nashauri ifunguliwe, isafishwe na kupakwa dawa mpya kabla ya kuanza kuchezewa gemu, na baada ya hapo ichezewe mezani, kamwe isichezewe juu ya godoro linaloziba matundu ya chini.

Nawasihi wasomaji msitoe fedha kabla ya kuipima betri mbele ya muuzaji. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ya kwetu ilisoma 50,000 hivi kwa 41,000 na kidogo, nikaridhika. Ile ya duka la jirani, aina hiyohiyo na bei hiyohiyo, ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Iwashe pia upya na kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, kwa sababu mashine za makampuni wakati mwingine huja zimefungwa kwa neno la siri la mmiliki wa kwanza, na kufuli hilo si la kuondolewa kirahisi. Bonyeza kila kitufe cha kibodi, kwani nyingine zimetoka nchi zenye mpangilio tofauti wa herufi, na utaligundua hilo siku ya kuandika kazi ya chuo. Kisha dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na muda wa garanti uandikwe kwa kalamu, pamoja na namba ya utambulisho wa mashine. Muuzaji wetu aliyaandika yote hayo bila kinyongo, akamwongezea mpwa wangu waya wa chaja wenye pini tatu, kwa kuwa ule uliokuja na mashine ulikuwa wa Kimarekani.